Kiti cha Mbele

Jumamosi, 9 Novemba

Goti la Bavo, mwenzake Lieven kwenye baiskeli ya watu wawili, limepasuliwa leo asubuhi. Basi. Msimu wake umekwisha, na wa Lieven nao – labda apatikane mtu mwingine wa kukaa kiti cha mbele. Lieven, mdogo wangu, haoni. Miguu anayo, tena miguu! Anachohitaji ni mtu wa kushika usukani. Majaribio ya timu ya taifa ni tarehe 30, hapa hapa Gent, na nafasi ni moja tu.

Nikasema nitakaa mimi. Sijui mdomo ulitumwa na nani. Baiskeli ya barabarani naiendesha kila Jumapili, mvua na upepo, lakini uwanja wa mbao, ule wa mbio za ndani, sijawahi kuukanyaga. Lieven alicheka mpaka akakohoa. Eti dereva wa tramu atapata tabu, huko hakuna breki.

Jumanne, 12 Novemba

Kweli hakuna. Wala hakuna kupumzika. Tairi likizunguka pedeli zinazunguka, na miguu yako imo humo humo, upende usipende. Mzunguko wa pili nikajisahau, nikaacha kukanyaga kama ninavyofanya barabarani. Pedeli zikanirusha juu ya kiti! Vijana kwenye benchi walicheka bila haya.

Halafu kona. Kwenye televisheni unaona mwinuko tu. Ukisimama chini yake ni ukuta. Kocha Rosita – mfupi, sauti ya mnadi wa sokoni – anasema ukuta haumwangushi mwenye mwendo, unamwangusha mwenye kusita. Ukiogopa, kanyaga. Mwili wangu wote unasema kinyume. Nimezunguka chini kabisa, kwenye mstari mweusi, roho mkononi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimefika mstari mwekundu, ulio juu ya mweusi. Halafu wa buluu, juu zaidi! Peke yangu, kwenye baiskeli nyepesi, lakini nimefika. Nimekula chipsi na mayonezi kwenye kibanda cha stesheni, nimesimama, kwenye baridi, nikitabasamu kama mwehu.

Jumapili, 17 Novemba

Leo ya watu wawili. Ndefu, nzito, inakata kona kwa kununa. Mama alileta mikate midogo ya Jumapili na jibini, akakaa nayo mapajani. Hakuna aliyeigusa.

Jambo ambalo sikulijua: mnyororo unafunga miguu yangu na yake. Mimi nikisita, yeye anajua kabla sijajua mwenyewe. Kwenye kona nikakaza miguu ili nipunguze mwendo. Nyuma yangu sauti ya Lieven, taratibu kabisa, ikauliza mbona namvuta. Nikamwambia ni upepo.

Upepo! Ndani ya ukumbi!

Jumanne, 19 Novemba

Siku mbaya. Naiandika iniondoke.

Jaribio lenyewe liko hivi. Mnapanda juu kabisa, ukingoni, chini ya uzio wa watazamaji. Mnazunguka huko mkikusanya mwendo, kisha mnateremka kwa kasi, na saa inahesabu mita mia mbili za mwisho. Asiyefika ukingoni hana pa kuteremkia. Na wa mbele lazima amtajie wa nyuma mahali walipo, kila mara: mweusi, mwekundu, buluu, ukingo. Ndivyo wanavyofanya wote. Wa nyuma hana kingine cha kushikilia.

Tulipofika buluu nikatazama chini. Kosa. Mbao zikaanguka mbali. Lieven akauliza tuko wapi. Nikasema ukingo.

Tukateremka kutoka buluu. Muda ukatoka mbaya, Rosita akapiga mbinja kwa hasira. Lieven akangoja mpaka tulipokaa kubadili viatu.

"Kule juu uzio huwa unanivumia sikio la kulia," akasema. "Leo sikio lilikuwa kimya."

Nikavuta kamba ya kiatu.

"Kuogopa ogopa tu, dada. Hata mimi naogopa. Lakini ukinidanganya, mimi huko nyuma niko na nani?"

Nililia chooni kama mtoto. Nilimwonea mdogo wangu kwa sababu haoni. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Jumapili, 24 Novemba

Leo nimesema kila kitu kwa sauti. Mwekundu. Buluu. Naogopa. Bado buluu. Naogopa sana, Lieven. Rosita alidhani nimechanganyikiwa. Lieven akajibu nyuma yangu kwamba amesikia, basi tuogope tukipanda. Akakanyaga. Nikakanyaga. Ghafla uzio ukawa begani kwangu, naona hadi chingamu waliyobandika watoto.

Ukingo! Nilipiga kelele. Ukingo kweli!

Alicheka. Tukateremka, na kwa mara ya kwanza sikukaza miguu hata kidogo. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa tramu yangu ya kwanza.

Kisha saa. Haitoshi. Si kwa mengi, lakini kasi haitoshi kupita. Rosita akaifumbata saa mkononi, akatuambia tukapumzike. Rosita asipofoka, mambo si mazuri.

Ijumaa, 29 Novemba

Tumejaribu tena. Karibu. Karibu siyo pale.

Kazini nimekipita kituo cha Korenmarkt bila kusimama, mawazo yako kwingine. Bibi mmoja akagonga kioo kwa mwavuli kuniuliza kama kituo chake kimehama.

Jumamosi, 30 Novemba

Tuko katikati ya uwanja. Baiskeli imepimwa, imepita. Jozi ya kwanza imeshakimbia. Sisi ni wa tano.

Sasa hivi Rosita ameniita pembeni, nyuma ya meza ya mafundi. Sauti yake ya mnadi ameiacha nyumbani. Kasema Wannes yuko mkahawani. Wannes – ninamjua, kila mtu anamjua, amewaendesha watu kiti cha mbele tangu mimi sijui pedeli. Mwenzake ameacha mchezo Alhamisi. Viatu amevaa. Kanuni inaruhusu kubadili wa mbele mpaka muitwe.

"Akiwa na Wannes, mdogo wako anapita," kasema. "Na wewe, labda."

Nikamuuliza kama Lieven anajua. Hajui. Akiambiwa atakataa, hawezi kumteremsha dada yake kitini saa hii, Rosita anamfahamu. Kwa hiyo niseme tumbo limenishika. Neno moja, kasema, na yeye atashughulika na mengine.

Neno moja.

Nina hasira na Rosita. Halafu sina. Anataka kile kile ninachokitaka mimi, na hesabu zake ni sahihi. Ninachokichukia ni kwamba kuna kitu ndani yangu kinachotaka kubaki kwenye kile kiti. Si kwa ajili ya Lieven. Kwa ajili yangu, mimi niliyefika ukingoni. Je, nimtoe sadaka kwa hilo? Na nikimwambia ukweli, akakataa, tukakosa kwa kidole – hapo nimemfaa nini?

Jozi ya tatu wako juu. Mbao zinanguruma.

Lieven amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, anatikisa magoti. Kauliza mbona nimenyamaza, kalamu tu ndiyo anayoisikia. Wannes ametokeza mlangoni, ameshika kofia yake, hatutazami.

Nimesema: "Lieven, kuna jambo."

Magoti yametulia. Kasema ningoje avue kofia anisikie vizuri. Kishikizo kimekwama chini ya kidevu. Anahangaika nacho, hataki nimsaidie, na mimi naandika, maana ukweli sijui niuanze na neno gani.