Vidonge vya Mirriam

Huruma, Nairobi
12 Juni 1996

Mulongo wangu,

Barua yako ya kutoka Eldoret nimeipata, na mahindi pia. Huku maji yamerudi, na cherehani yangu imetengenezwa.

Wiki mbili hizi nimesumbuliwa na kiungulia. Nikila ugali kidogo tu, kifua kinawaka moto. Jirani yetu Mirriam akanipa vidonge vyake vya kupunguza asidi tumboni, nikapata nafuu. Siku ya nne ya kuvimeza nikaingiwa na hofu, kwa sababu kuna jambo nimekuficha. Nina mimba ya miezi mitano, tangu ile likizo yako ya Januari. Tulishapoteza wawili, nami sikutaka kukupa furaha ambayo ningekunyang'anya tena.

Nilikimbia kliniki na pakiti mkononi. "Sista, nimemuua?"

Muuguzi alisoma jina la dawa. "Hii wajawazito wengi wameitumia, na hatujaona ikimdhuru mtoto. Lakini iko dawa nyingine ya vidonda vya tumbo inayoweza kutoa mimba. Usimeze tena dawa ya mtu bila kutuuliza."

Akaniwekea tumboni kipembe cha kumsikilizia mtoto. Akainama na kutega sikio, nami nikaanza kusali. Kisha akanishika mkono, akawa anaugonga kwa kidole, haraka haraka, bila kupumzika.

"Ndivyo moyo wake unavyopiga," akasema.

Omba ruhusa uje, baba. Nataka nikugonge vivyo hivyo mkononi.

Mkeo,
Ayuma