Bosi Amelifunga Kundi la Mwisho

Mshauri wangu, kabla hujafika mstari wa pili nakuomba, kwa heshima ya mama aliyekuzaa, maneno haya yabaki kati yetu, na ukilazimika kuyachapisha futa jina langu, idara na mji, maana kuta za ofisi yetu zina masikio na mimi kibarua changu hakijatimiza hata mwaka.

Ni karani wa takwimu katika ofisi ya magari ya wagonjwa. Kazi yangu ni kupanga muda ambao gari hutumia kumfikia mgonjwa, katika makundi ya dakika kumikumi, mpaka kundi la mwisho lililoandikwa “sitini na zaidi”. Bosi alitaka wastani, nikamwambia haupatikani kwa sababu kundi la mwisho liko wazi, hatujui linaishia wapi. Akacheka mpaka miwani ikamteleza. “Mlango ukiwa wazi, kijana, unafanyaje? Si unaufunga? Andika sabini!” Mkono wangu ukaandika sabini kabla akili haijajibu, wastani ukatoka dakika ishirini na nane, naye akanipiga bega: “Chini ya thelathini! Sasa lile gari la ng'ambo ya daraja halihitajiki kule, tulirudishe mjini.”

Tangu hapo usingizi umeniruka, kwa sababu ng'ambo ya daraja ndiko anakoishi dada yangu aliyenilea, ni mjamzito, na mimba iliyopita nusura imuue akisubiri gari.

Nikarudi kwenye makundi yangu kimyakimya, nikapima mwinamo, yaani namba zimeegemea upande gani na kwa kiasi gani, kwa kutumia robo, kipimo kisichojali kundi la mwisho linaishia wapi. Unawapanga wagonjwa wote, kuanzia aliyefikiwa upesi hadi aliyesubiri kuliko wote, kisha unawakata mafungu manne yaliyo sawa. Kwa kukadiria ndani ya makundi, fungu la kwanza liliishia dakika ya kumi na mbili, la pili ya kumi na nane, la tatu ya arobaini na nne. Ona sasa: kutoka kumi na mbili hadi kumi na nane ni dakika sita tu, lakini kutoka kumi na nane hadi arobaini na nne ni ishirini na sita. Toa sita, zinabaki ishirini. Gawa kwa umbali wote, kutoka kumi na mbili hadi arobaini na nne, yaani thelathini na mbili, unapata sifuri nukta sita mbili tano. Pande zingelingana ningepata sifuri. Robo nzima ya watu hufikiwa baada ya dakika ya arobaini na nne, na nilipochungulia anwani, wengi ni wa ng'ambo, na hapo gari bado wanalo.

Wakurugenzi wanakutana Ijumaa kuamua juu ya gari hilo. Nikisema, bosi atauliza sabini iliandikwa na nani. Jana dada kanipigia: “We mdogo wangu, mbona unahema kama mwizi wa kuku?” Nikasema ni mafua. Nafikiria nimhamishie chumbani kwangu mpaka ajifungue, mimi nilale sakafuni, kisha nifunge mdomo. Je, ni dhambi?

Usipige simu ya ofisini, bosi huidaka mwenyewe. Jibu liache kwa fundi viatu aliye mkabala na lango letu, mwambie ni la yule ambaye huishiwa soli ya kushoto tu. Atajua.

*

Mwanangu wa soli ya kushoto,

Jina lako nimelifuta, woga wako nimeshindwa, umelowesha karatasi nzima. Pole. Mwenye dada ng'ambo ya daraja ana haki ya kutetemeka. Ila acha kujibanza nyuma ya bosi: yeye alisema sabini, aliyeandika ni wewe, basi na wa kuifuta ni wewe.

Dada yako mlete leo, godoro mpe yeye. Hilo si dhambi. Dhambi ni kumleta kisha ukanyamaza. Jirani yake mjamzito atahamia chumbani kwa nani?

Sasa sikiliza. Rudisha “sitini na zaidi” kama ilivyokuwa. Chini yake weka zile namba zako tatu za mafungu na huo mwinamo, kwa maneno yale yale uliyonieleza. Ikiwa mimi niliyeikimbia hesabu shuleni nimeelewa, wakurugenzi wataelewa. Ingia kwa bosi kabla ya mkutano. Usimwite mwongo. Sema, “Bosi, kundi la mwisho tulilikisia, nimeongeza kipimo kisichohitaji kukisia.” Mwachie nafasi ya kujifanya wazo ni lake, wakubwa hupenda hivyo. Akikataa, msogezee karatasi na kalamu, aandike sabini kwa mkono wake na atie sahihi. Usiongeze neno. Anayeiamini namba haogopi kuisaini.

Atakufukuza? Huenda. Sitakudanganya. Basi chukua nakala ya hesabu yako uje hapa gazetini, mlango wa nyuma, umwambie mlinzi unamtaka shangazi wa barua. Ukikuta nimefunga, gonga tu mpaka nisikie. Wewe angalau unajua pa kugonga. Wale wa ng'ambo hawajui.