Udongo Niliorudi Nao Kutoka Tabora

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila salamu. Ulinifundisha hivyo, na mkono wako ulikuwa mzito.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike hapa Kilosa. Nyumba nimeifunga. Kuku wako nimewagawa kwa majirani, isipokuwa yule jogoo mkorofi ambaye hakuna aliyemtaka. Mimi nilirudi kazini Mikumi, pale mapokezi hotelini, naandika majina ya wageni waliokuja kuona tembo, nawaambia karibuni sana, na moyoni sipo. Wiki mbili zilizopita niliomba ruhusa nikapanda treni kwenda Tabora kwa Shangazi Kulwa. Nataka ujue yaliyonikuta, maana nimerudi na mzigo ule ule niliokwenda nao.

Unajua Shangazi hakuja kwenye mazishi. Miguu haimbebi tena. Kwenye simu alisema tu kwamba yeye na wewe mlizaliwa siku moja, hawezi kuambiwa pacha wake amekufa kama anavyoambiwa bei ya mchele. Wazee wakanishauri nimpelekee udongo wa kaburi, auzike pale kwenu Tabora, na ndugu wa huko nao waanue matanga. Nikachota kikombe kimoja, nikakifunga kwenye kanga ya Mama.

Treni ilitakiwa ipite usiku, ikaingia kumekucha. Kwa hiyo nililiona bonde la Mkondoa lote, Baba, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto. Mto ulikuwa umejaa tope, mwekundu, unapita karibu na reli kiasi kwamba dirishani nilikuwa naona maji tu. Ng'ambo milima imevaa msitu hadi kileleni. Reli mpya inapita juu kwenye nguzo, halafu inaingia mlimani. Nilikukumbuka ukiinung'unikia: "Hiyo ya umeme inapita kwenye mahandaki, itajuaje mto umeamkaje leo?" Abiria walikuwa wanapiga picha. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaniambia huku kwenu kuzuri, nikamwitikia ndiyo. Sikumwambia kuwa kila kona ile mimi naijua kwa shida zake: hapa mto ulikula tuta, hapa wewe na wenzako wa reli mlilala siku tatu kwenye mvua mkimwaga mawe, hapa ndipo ulipoacha ukucha wa kidole gumba.

Kabla ya kufika Kidete treni ikapunguza mwendo. Kulikuwa na genge la mafundi wa njia wamesimama pembeni na sururu zao. Tulipowapita nikachungulia nyuma, nikamwona mmoja anarudi kazini juu ya mataruma ya reli, hatua fupi fupi, taruma kwa taruma. Kama wewe. Ulitembea hivyo hata sokoni, hata kanisani, na Mama alikuwa akisema aliolewa na mwanamume akapewa mbuzi aliyefungwa miguu. Nikacheka peke yangu. Halafu nikamkumbuka Mzee Senyagwa, kicheko kikanikwama.

Najua unangoja nilifikie hili.

Mtani wako Senyagwa, Mkaguru yule mliyefanya naye kazi genge moja tangu ujana wenu, mkatukanana kila siku ya Mungu. Alikuita mpagazi wa Kinyamwezi aliyechoka njiani akasingizia kazi. Wewe ulimwita mlinda daraja anayeogopa maji. Siku ya msiba wako alikuja amevaa koti lako la mvua na gambuti zako, nyundo begani, akapita katikati ya mikeka kwa hatua zako zile fupi. Alikuwa anagonga nyayo za waombolezaji kwa mpini, anawauliza kama nati zimekaza. Akapaza sauti kuwa Mnyamwezi amelala kazini, leo atafukuzwa. Wanawake wakaanza kucheka katikati ya machozi.

Bosi wangu na wenzangu wa Mikumi walikuwa wamekaa mbele kwenye viti. Nilimwona bosi anashangaa. Aibu ikanipanda, Baba, nikasimama, nikamvua lile koti kwa nguvu, nikamsukuma mzee wa watu kwa mikono miwili. Nikamwambia atoke, baba yangu si wa kuchezewa. Akavua gambuti, akazipanga vizuri ukutani, akaondoka peku. Tangu hapo hadi tunakufukia hakuna aliyecheka, nami nikajiona nimekulindia heshima.

Shangazi alinipokea kwa upendo wote. Nilipiga magoti, nikaifungua kanga mbele yake. Hakuugusa udongo. Akauliza nani alikuosha, nikamjibu, akaridhika. Akauliza nani aliomba, akaridhika. Kisha akauliza, "Na nani alimcheka?"

Nikamwambia ukweli.

Alikunja uso. Mlifanana mno mkikasirika. Mwishowe akasema, "Mtu asiyechekwa na mtani wake hajazikwa, mwanangu. Mmemfukia tu." Akaifunga kanga mwenyewe, akanirudishia mikononi. Nilikaa kwake siku tatu. Alinipikia, alinisuka nywele, ila chozi lake sikuliona hata moja. Wakati wa kuondoka aliniambia siku nyingine nikulete vizuri.

Safari ya kurudi sikutazama nje. Nilikupakata tu.

Jana mchana nilikwenda kwa Mzee Senyagwa. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Akaniuliza kama gambuti zako bado zipo. Nikamwambia zipo.

"Baba yako Doto mjanja," akasema. "Amenitangulia makusudi. Sasa mimi nani atanicheka?"

Akalia, Baba. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia vile. Nikalia naye, na kwa mara ya kwanza tangu ufe sikuwa nalia peke yangu.

Jumamosi atakuja kaburini. Nimewaalika waliokuwepo siku ile, na bosi wangu pia, aje akae mkekani kama sisi. Mzee atakuvaa, atakutembea, atakutukana atakavyo, nami nitakaa mbele nicheke hata kama kifua kitauma. Kisha tutapanda treni wote wawili na udongo wako, akuseme mwenyewe mbele ya Kulwa, ili naye alie.

Lala, Baba. Samahani niliwanyamazisha watu wako.

Na la mwisho. Wazee wanasema utani hurithiwa, kwa hiyo siku ya Mzee Senyagwa ikifika, atakayesimama kumcheka ni mimi. Nakuahidi. Jana aliponisindikiza hadi barabarani, nilibaki nyuma yake kidogo, nikimwangalia anavyotembea.

Mwanao,
Tatu