Mahari Waliyotuletea Akina Fiston

Kilibula, Jumanne

Arusi ya Belyse imekufa, Yaya Spès, na minye mama yake ndiye niliyeiua.

Sasa nikusalimie. Hamjambo huko Runingu? Mguu wako unaendeleaje? Sisi tuko wazima.

Weye unajua Belyse wangu anawatafsiria wale wageni waliokuja kuangalia vita. Kilibula nzima hakuna mtoto anayesema Kiingereza kama wangu, na kama majirani zetu wa Kimanga wanaye, wamlete tumsikie. Wiki jana alirudi kutoka kazini amenuna. Mgeni mmoja alimfundisha neno loot, yaani kupora, na pia mali yenyewe iliyoporwa. Akamweleza kwamba zamani halikuwa neno lao. Askari wao walilikuta India wakipora huko, wakarudi nalo nyumbani pamoja na mizigo. Leo hata zawadi za arusi wanaweza kuziita hivyo kwa mzaha. Mgeni alicheka sana. Minye niliposimuliwa nilitema mate. Kumbe mtu anaweza kuchukua mali, achukue na neno ambalo mwenye mali analilia nalo.

Basi juzi Jumapili Fiston, mchumba, akaja na ukoo wake na ng'ombe sita wa mahari. Kaka yetu Basile akasimama kuwasifu mmoja mmoja, kama desturi yetu, na kwa mazoea akaanza na zile sifa marehemu baba alizoimba akikamua. Ng'ombe mwekundu akaacha wenzake, akamfuata, akamwekea kidevu begani.

Yaya, ni Bihogo wako, yule uliyepewa na baba, akachukuliwa na askari mlipokimbia.

Belyse akamuuliza Fiston wamemtoa wapi. Akajibu bila haya kwamba askari walimuuzia, na kwamba wakati wa vita hakuna anayemuuliza ng'ombe kwao ni wapi. Baba yake mdogo, Cyprien, akaongeza kwamba mama mwenye akili hupokea na kunyamaza. Hapo Belyse akawatamkia neno lile, akawaeleza maana yake na lilikotoka, taratibu, kama mwalimu. Nilijivuna. Nikawaambia wabebe pombe waliyokuja nayo waende.

Ng'ombe wamebaki kwangu. Cyprien ameapa kuja kuwachukua Jumapili ijayo, na askari. Wale watano wengine nao wana wenyewe. Mwambie Nzeyimana, mwambie Agathe, na kila mwingine aliyenyang'anywa huko bondeni, aje awaite wake kwa majina.

Nikumbatilie watoto wote, na Mungu awatangulie njiani. Nawangoja Jumamosi asubuhi.

Mdogo wako,
Ernestine, mama ya Belyse