Kwa Mama Élise, aliyetutoka jioni ya kuamkia ndege ya Kinshasa

Umetimia mwaka, Rébecca, tangu jioni ile ya Beni ulipotuacha, mizigo ikiwa imefungwa na ndege ikitungoja asubuhi. Watu wanasema kilio kikifika mwaka kinapungua. Mimi bado nangoja kuona.

Wasiokujua waambiwe: ni Rébecca Kasika, binti wa Musienene, muuza maharagi na viazi katika soko la Butembo, mke wangu mimi, Siméon Kahongya, kwa miaka ishirini na tano. Wanaokujua wataongeza wenyewe kwamba ulikuwa mama wa matabishi. Kila mnunuzi ulimtilia konzi moja juu ya kipimo chake. Nikikwambia kwamba konzi hiyo itatumaliza, ulinijibu mbele ya watu, "Baba Élise, weye unauzishaka misumari. Musumari haina huruma." Mimi nina duka la misumari na mabati pale Mususa, na ni kweli, sijawahi kumwongezea mtu hata msumari mmoja.

Siku za soko ulitangulia jogoo. Ulipanda malori ya Masereka, ukakaa juu ya magunia ya viazi ukiimba nyimbo za kanisa, na ukarudi na tope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Vita ilipojaza barabara vizuizi, wachuuzi wengine waliinamisha macho mbele ya askari. Wewe uliwauliza kama mama zao wanajua walipo. Nilikukataza mara nyingi, kwa ukali hata. Lakini wako waliokupitisha kwa sababu ya swali hilo tu, na mmoja aligeuka pembeni akafuta uso.

Siku ya ndoa yetu nilijisifu mbele ya wakwe kwamba nitakupandisha ndege, nikupeleke Kinshasa, ukauone mto. Bwana arusi husema mengi. Wewe ulilishika neno hilo. Kwanza akaja Élise, kisha Nzanzu, kisha nyumba ikataka paa, kisha kahawa ikaharibika shambani. Kila niliposema "mwaka ujao", ulinijibu, "Kawia ufike," na watoto wakaufanya mzaha wa nyumbani. Hata ukituma mtu dukani akachelewa, Nzanzu alisema, "Ameenda Kinshasa."

Siku moja nilikuuliza, huko utafanya nini hasa. Ukasema, "Miye nataka kuikala tu. Mutu mungine alete sahani, miye nikule, nisiulize imetoka wapi."

Tulipotimiza miaka ishirini tulikaribia kweli. Élise alitangulia Kinshasa kuingia chuo kikuu, nasi tulikuwa tumfuate mwezi wa nane kwa sikukuu ya ndoa yetu. Valizi, sanduku letu la safari, ilikuwa tayari juu ya kabati. Mwezi huo huo vita ikalipuka upya, nchi ikakatika vipande viwili, na mtoto wetu akabaki upande wa pili. Alibaki huko miaka mitano. Aliolewa bila sisi. Alimzaa Débora bila wewe, wewe uliyewapikia uji wazazi wa nusu ya Mususa. Sauti yake tuliipata kwa phonie ya parokia tu, ile redio ya kuitana, watu wote kwenye foleni wakisikiliza. Zamu yako ya kusema ilipofika ulilia, mpaka mtu wa phonie akatuomba siku nyingine tuje tumeshalia nyumbani.

Kisha ikasemwa kwamba vita imekwisha. Ndege zikaanza kuruka kutoka Beni kwenda Kinshasa, na mwaka ulikuwa ule wa jubilei yetu ya feza, miaka ishirini na tano ya ndoa. Nilichukua tiketi mbili bila kukuuliza. Nilipokuonyesha ulikaa chini kwenye saruji ya duka, ukacheka hadi wateja wakaingia kutazama. "Kumbe bwana arusi hakudanganya," ulisema. Sijui kama nimewahi kufurahi kuliko siku ile.

Kosa tulilofanya ni lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: tuliaga. Mtu wa kwetu haendi safari kubwa bila kupita kwa watu, na anayeagwa hatoi mkono mtupu. Butembo nzima ilikuwa na mtoto, au ndugu, au mume aliyebaki upande wa pili kwa miaka hiyo mitano. Wakaja na maharagi, unga wa muhogo, asali, jibini, sweta za kufuma, ingawa nilisema wazi kwamba Kinshasa hakuna baridi. Ndege ilitupa kilo ishirini kila mmoja. Nilikuuliza, "Sasa Kinshasa maharagi haiko?"

"Iko," ulinijibu. "Lakini haiko ya mama yake."

Ndivyo tulivyoshuka Beni, siku moja kabla, kulala kwa dada yako Mariette Vagheni, kwa sababu barabara haikuaminika asubuhi. Ulilicheka koti langu la Butembo katika joto lile. Mchana kutwa ulipima na kupima upya kwenye mizani ya Mariette, na kila kilo ilipozidi hukutoa mzigo wa mtu, ulitoa nguo zako. Ilitoka blauzi, vikatoka viatu, likatoka shuka jipya. Mwishowe ukabaki na kikwembe kimoja, kile cha jubilei, ukasema utakivaa kila siku, Kinshasa hawatakujua. Kisha ukaanza kutazama nguo zangu, nikaificha valizi.

Jioni ulikaa kwenye kigoda uani, ukishona mdomo wa gunia kwa ile sindano kubwa. Mariette alikuwa jikoni. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya michikichi na watoto wa jirani walikuwa wanachota maji. Ukaniambia bila kuinua kichwa, "Baba Élise, niko na woga."

"Ya ndege?"

"Hapana. Ya Débora. Nikimubeba, na yeye aone ni mugeni, alie?"

Nilikwambia mtoto hajui kuogopa damu yake. Nikakwambia atakushika shingo na hatakuachia mpaka siku ya kurudi. Ukasema, "Basi nisimuogope." Nikasema, "Ehe." Ukaendelea kushona.

Hapo milio ya risasi ikaanza kambini kwa askari. Tulilala chini wote, kama tulivyozoea, wewe ukinivuta koti nishuke zaidi. Milio ikazidi, kisha jirani akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua, "Hapana ogopa! Banafurahi! Ni ya furaha! Redio inasema bote batakuwa jeshi moja!" Tukasimama. Mariette alitoka jikoni na mwiko mkononi, akicheka. Wewe ulijipangusa vumbi, ukasema, "Mungu asifiwe, mara hii ni ya furaha," ukarudi kwenye kigoda chako.

Risasi inayorushwa juu haibaki juu. Hatukuisikia ikirudi. Nilikuona umeliinamia gunia, nikadhani unatafuta sindano.

Watu wengi wameniuliza ulisema nini. Hukusema neno. Wengine wangependa niwaambie kwamba ulisema, na wapo waliokwisha kusimulia hivyo sokoni, lakini hukusema neno, Rébecca, na nilikuwa nimekushika.

Wakubwa wa kambi walikuja kutoa pole, wakaeleza kwamba hakuna aliyekusudia. Najua hakuna aliyekusudia. Nina hasira hivyo hivyo.

Asubuhi tulikupandisha kwenye gari kukurudisha nyumbani. Nzanzu alikuwa ameletewa habari usiku na dereva mmoja, akaja kutupokea njiani. Tulikuwa hatujafika mbali na Beni tuliposikia ndege ikipanda. Nzanzu alitazama juu. Mimi nilitazama barabara.

Sasa nikueleze jambo la Élise, maana wewe ungeuliza hilo kwanza.

Kabla hatujaondoka Beni nilitaka kukimbilia phonie. Dada yako alisimama mlangoni akanizuia. "Habari ya kufa hapana kutumaka na phonie," alisema. "Mutu wa jamaa njo anaibebaka na mukono yake. Unafika, unaikala, unakula, kisha unasema. Unataka mutoto aanguke mbele ya batu bengine, na nani amushike?" Ndivyo wazee wetu walivyofanya na ndivyo wewe mwenyewe ulivyofanya mama yangu alipofariki: ulinikuta dukani, ukasubiri nimalize wateja, ukaniletea chai. Nikarudi ndani.

Katika abiria wa ndege ile alikuwamo Bwana Aristote Kabongo, mtu wa Kasai, mtumishi wa serikali aliyekwama Beni muda wote wa vita. Alikubali kupeleka magunia yetu yote kwa kilo zetu. Tulimwomba amwambie Élise kwamba tumepata kizuizi na tutafuata. Alisumbuka sana, maskini. "Papa, miye hapana jua kudanganya," alisema. Mariette akamjibu, "Hapana kudanganya. Sema tu banachelewa. Banachelewa kweli."

Magunia yakafika. Siku ya tatu ya kilio, nyumba ikiwa imejaa mpaka barabarani, mtu wa phonie akaja na ujumbe. Hakuwa na namna, alipewa ausome. Élise alisema amezunguka Kinshasa yote na gari la rafiki, kila gunia limefika kwa mwenyewe. Alisema watu wamelia kwa kuona maharagi. Alisema, "Mwambieni Mama amefanya kazi kubwa, sasa aache kuchelewa." Wanawake waliokuwa wamenyamaza wakaanza upya, na mimi nikatoka nje.

Nilifuata mara tu tulipomaliza kuondoa matanga. Nilipanda peke yangu. Kiti cha pembeni yangu walimpa mama mmoja wa Bunia, mnene, mcheshi, aliyelala njia nzima. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipanga kama Mariette alivyonifunza: nifike, nikae, nile, kisha niseme. Chini yetu ulipita msitu, ukapita tu, kisha yakatokea maji, na watu wakasimama dirishani kuyatazama. Mimi sikusimama. Nilijiambia nitauona mto siku nitakapoweza.

Élise alikuwa kwenye uzio. Amekonda, lakini amesimama kama wewe, mkono mmoja kiunoni. Débora alikuwa mgongoni mwake. Alinikumbatia, akacheka, akasema nimezeeka, na huku akisema alikuwa anatazama nyuma yangu, watu wakishuka ngazi. Kumbe alikuwa amemfundisha mtoto kwamba leo anakuja bibi yake, akamwambia amtafute. Mtoto akanyoosha kidole kwa yule mama wa Bunia, akauliza kama ni yule.

"Ule?"

"Hapana, hapana ule," Élise akamjibu. "Ngoja."

Akashuka mwanamke mwingine, mwenye kitambaa cha kichwa. "Ule?"

"Hapana ule. Ngoja."

Akashuka bibi mmoja akishikwa mkono. "Ule?" Élise alijisogeza mbele. Alimtazama yule bibi mpaka mwisho wa ngazi, kana kwamba miaka mitano ingeweza kukubadilisha hivyo. "Hapana ule," alisema. Kisha wafanyakazi wa ndege wakashuka na mifuko yao, na mlango ukafungwa. Mtoto bado alikuwa amenyoosha kidole. Élise akanigeukia, na sikuhitaji kukaa wala kula.

Mpaka leo ananiambia kwamba tulimnyima kilio cha mama yake, kwamba alikuwa anagawa maharagi na kucheka siku tuliyokuwa tunamwaga udongo juu yako. Mimi namwambia kwamba hakuanguka mbele ya wageni, alianguka mikononi mwangu. Hatujapatana juu ya hilo. Wewe ndiye uliyekuwa ukitupatanisha, na sisi wawili tuna kichwa kigumu kimoja.

Lakini amekuja. Wiki hii ameshuka Beni na mtoto, na usiku wa kwanza walilala kwa Mariette. Jumamosi asubuhi Misa ya kukuombea itasomwa katika parokia ya Musienene, pale nilipojisifu mbele ya baba yako. Baada ya Misa watu wote wanakaribishwa nyumbani kwetu Mususa, na majirani waliotuma mizigo ile wasione haya kuja, kwa sababu wako wanaotuepuka tangu siku ile, na wewe usingependa hivyo. Chakula kitakuwa maharagi.

Tunaokulilia ni mimi mume wako Siméon Kahongya. Watoto wako Élise na Nzanzu. Dada yako Mariette Vagheni wa Beni. Ndugu zako wa Musienene na Masereka. Wachuuzi wenzako wa soko la Butembo. Bwana Aristote Kabongo, anayetuandikia kila mwezi. Na mjukuu wako Débora. Jana niliweka mbele yake picha yako, hii iliyo juu ya tangazo letu. Alinyoosha kidole, akanitazama, akauliza, "Ule?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Njo ule, njo bibi yako."

Hatutakusahau, Mama Élise, hata siku moja.