Komeo Lako na Bunduki Nzima ya Yonasi

Shively, Louisville, mwezi wa kumi na moja, 2016

Papa Riziki,

Mimi sasa nina miaka sabini na tatu. Nimezika mke, nimezika wadogo zangu wote, nimepita vita mara mbili na kambi miaka kumi na saba, na meno ya juu yote yameniacha. Daktari aliyesema presha itaniua, amekufa yeye. Lakini kuishi kukupita weye, uliyezaliwa nyuma yangu, hilo sikuomba.

Naandika kwa mkono wangu, usifikiri ni Neema. Binti yangu yuko kazini, na watoto wake nikiwauliza neno linaandikwaje wananijibu Kiingereza. Soma polepole.

Habari ni hii. Yonasi amenunua bunduki nzima.

Yonasi wetu, wa Buffalo. Alipiga simu Jumapili moja baada ya kanisa, sauti juu kama mtu aliyezaa mapacha. "Papa Neema, nimepata nzima! Mpya, dola mia tatu na kidogo, na darubini iko juu yake tayari!" Nikamuuliza, na ile yetu? Akasema, "Mzee, ile ni vyuma tu sasa. Na ilitula pesa kuliko hii. Panda basi uje, tuwinde huku na mkwe wangu." Nikamuuliza, nikija nitabeba nini? Akacheka. "Beba tumbo." Nikakata simu. Tangu siku hiyo hajapiga, na mimi sikupiga.

Weye unajua ile yetu ilianzaje. Walipotutoa kambini na kutugawa, mimi hapa, weye Columbus, yeye Buffalo, kila simu ilikuwa kulilia nyama ya porini. Dukani bunduki nzima ilikuwa mia nne na hamsini, na hakuna kati yetu aliyekuwa nazo kwa mara moja. Nani alipata akili? Mimi. Nilisema tufanye kama nyavu za baba zetu kule Fizi, Kongo. Kila mwanaume anakuja na wavu wake, zinafungwa pamoja, na mmoja asipokuja kuna tundu, mnyama anapita, hakuna kuwinda. Bon, mkakubali. Mimi nikanunua mwili na mtutu wake, vilivyotumika. Mwenye duka akapiga simu kuuliza serikali kama mimi ni mtu mzuri, na serikali ikasema ndiyo. Weye ukanunua komeo, kile chuma cha kusukuma risasi ndani na kuifunga. Yonasi akaleta kitako cha mti, maana plastiki niliikataa. Fundi akapima komeo kama linakubaliana na mwili, naye akala pesa zake. Halafu kila mtu akarudi kwake na kipande chake.

Siku ya kilio chako mwanao Riziki alipiga hesabu kwenye simu yake, hata sikumtuma. Akatia vipande, fundi, posta ya kitako, mabasi yenu, leseni za kuwinda za wageni. Akasema, "Papa, kwa hiyo pesa mngenunua mbili." Nikamwambia hesabu yako ni ya shule. Mtu akitoa themanini mwezi huu, mwenzake akatoa mwezi unaokuja, nyumba ya nani inalala njaa? Akitoa mia nne na hamsini siku moja, watoto watakula nini, darubini? Hiyo Riziki hakuitia. Bado nasema vipande ni rahisi, na nitasema mpaka nife.

Lakini mia tatu na kidogo, Papa Riziki. Mpya. Hiyo imenikaa kooni.

Kwa sababu kama ilikuwa bei tu, basi Yonasi amenishinda, na mimi sijazoea.

Nakumbuka unavyoingia mlangoni kwangu mwezi kama huu, baridi imekukata masikio, komeo ndani ya soksi ya mtoto. Hukulitoa. Yonasi yuko na kitako mapajani, mimi na mtutu, na weye unaomba maji ya kunawa kwanza. "Leteni ugali. Bila mimi hamuui hata panya." Ukala, ukaongeza sombe, majani yetu ya muhogo, ukamsifu Neema, ukaomba chai. Nilikutukana sana. Ndipo ukalitoa lile komeo na kuliweka mezani katikati ya sahani. Mbawala mmoja kwa misimu miwili, kwenye shamba la yule mzungu wa kanisani, na ni mimi niliyempiga. Weye ulisema ni weye. Bon. Sasa nakuachia. Sema ni weye. Nani atanibishia tena?

Ulipoanguka jikoni kwako, nilisafiri na basi lililochelewa, na Yonasi akafika siku ile ile. Mama Riziki akanipa ile soksi ya komeo. "Shemeji, chukua, ni mali yenu." Tulipopanga mstari kukuaga, nikaliweka komeo chini ya mkono wako, ndani ya koti. Yonasi alikuwa nyuma yangu. "Mzee, unafanya nini?" Nikamwambia nyamaza, tembea. Akatembea. Nilifikiri amekubali. Donc, nilifikiri tumekubali wote wawili kwamba wavu umepata tundu na hatuendi tena.

Fundi anasema komeo jingine linapatikana, bei si kubwa, atapima, itapiga kama zamani. Neema alitaka kulipa. Nilikataa mbele ya watoto. Niwinde na komeo la mtu nisiyemjua? Huyo mtu nimemtukana lini akinywa chai?

Jana posta wameleta boksi refu. Kitako. Kimefungwa na shuka la mtoto, vizuri, kama anavyofunga yeye, na hakuna neno ndani. Nilitafuta mpaka kwenye pembe za boksi. Hakuna. Sasa niko na mtutu na niko na mti wake, na ni kama nimeachiwa vitu vya marehemu wawili. Nimekaa kitandani nacho. Neema akauliza, "Papa, unaumwa?" Nikasema meno. Meno gani, akasema, na akatoka akilia, kwa hiyo najua aliona.

Yonasi sasa anaamka asubuhi anayotaka, anachukua bunduki nyuma ya mlango, anaenda. Hamngoji mtu. Hamtukani mtu. Mimi sikujua kama inawezekana kumpoteza mtu kwa punguzo la bei.

Bon, mkono unachoka. Ndugu yangu, lala. Nakuahidi, komeo kaa nalo, jingine halitaingia. Kitako sitauza, sitachoma. Mimi sitampigia, unanijua. Lakini simu nimeiweka kifuani, hata nikienda msalani naenda nayo, na ikilia nitaitika kabla haijarudia.

Na atakayesema huyu mzee anatunga, kwamba hakukuwa na bunduki ya wanaume watatu, wala sikukupa komeo uende nalo, mashahidi ni wawili. Mmoja ni weye. Mwingine anaitwa Yonasi, anakaa East Side, Buffalo. Aulizwe, kama kwa jina langu bado anaitika.

Papa Neema