Maktaba Isiyoitika

Kaka Lali,

Mola akupe nuru huko kaburini. Chumba cha barafu bado kinafanya kazi, ila kompyuta yako imekufa. Chumvi iliingia ndani, kama ulivyokuwa ukihofia. Fundi alizitoa faili zako zikiwa nzima, tukanunua kompyuta nyingine hapa Kismayu, nami nikakaa kuijenga upya ile programu yako ya kuwatumia wenye samaki ujumbe chumba kikipata joto. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Ikakataa. Ilisema haiijui strcpy_s, ile uliyotumia kunakili majina yao. Nikakumbuka ulivyonifundisha: vitu hivi vya ziada, lugha ya C haiilazimishi maktaba, ile hazina ya amri za tayari za kompyuta, kuwa navyo, na pale vilipo lazima uviombe, kwa mstari wa #define __STDC_WANT_LIB_EXT1__ 1, nao ukae juu ya faili zote za vichwa, zile zinazoitwa mwanzoni mwa programu. "Hodi hupigwa nje, Amina, si ukishaketi ukumbini." Nikatazama. Kumbe katika kupangapanga nilikuwa nimeusogeza chini. Nikaurudisha juu. Nilifurahi, Kaka. Nikageuka nikuambie.

Haikusaidia. Binamu Athman alinieleza kwa simu kutoka Mombasa: maktaba ya kompyuta yako ilikuwa na vitu hivyo, hii mpya haina. Ule mstari wa kuomba haukataliwi wala haujibiwi, unapitwa tu kama hujasema neno. Mstari ninaujua, mahali pake ninapajua, na wa kuitika hayupo.

Athman anasema nifute, niweke ile ya kawaida, inayonakili bila kupima urefu. Siwezi. Ile ya kawaida ndiyo iliyomwaga jina la Bi Mwanaisha wa Koyama, yeye na babu zake wanne, likaifuta namba ya simu iliyokuwa pembeni, ujumbe usimfikie na kamba wake wakaoza. Ulimwambia, "Bibi, jina lako halienei kwenye kisanduku changu." Akakujibu, "Panua kisanduku. Babu zangu siwapunguzi." Ulicheka siku nzima. Ukakipanua, kisha ukaweka strcpy_s kila mahali, ili jina likizidi likataliwe kabla halijadhuru cha jirani. Ukasema kwa lahaja yetu, kila mchu na aje na jina lake kamili.

Sasa hakuna ujumbe. Mama nami tunapokezana kuchungulia kipimajoto. Juzi samaki wa watu wa kisiwa cha Ngumi walikaribia kuyeyuka, na hakuna aliyenilaumu. Walisema tu, "Lali angelijua la kufanya." Nikifungua faili lako nifute mstari mmoja, mkono haunyanyuki.

Basi nimeanza kuiandika strcpy_s mimi mwenyewe, katika faili la pembeni, kwa jina lile lile, ili lako libaki ulivyoliacha. Yangu inanakili vizuri. Kukataa bado haijui, nami sijui niifundisheje.

Naahidi sitaiwasha mpaka ijue. Hadi hapo tutaendelea kuchungulia kwa zamu. Kwaheri, Kaka. Nisamehe kukuletea habari za kazi hata huko. Sina mwingine niliyezoea kumuuliza.

Mdogo wako,
Amina